Nukta ya Penseli

Jumapili, saa nane mchana

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na miwani yako iko usoni, siyo kichwani unakosahau kuitafuta. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliimaliza, au uliigawia majirani kama kawaida yako? Mwanao mkubwa na mkewe hawajambo? Huku sisi ni wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima kwa sababu tu anatembea. Shemeji yako amelala kwenye kiti sebuleni, redio inamsomea habari asizozisikia. Mimi nimechoka, Dada. Nimechoka ule uchovu ambao unalala nao na unaamka nao, mnakunywa chai pamoja, mnakwenda kazini pamoja.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu nimeishika mara tatu wiki hii. Ubaya wa simu ni kwamba ina mahali pa kukatia, na mimi najijua. Naomba usome peke yako, mlango umefungwa, wala usimpe yule jirani yako mwenye macho mazuri akusomee. Macho anayo, lakini na mdomo pia anao.

Ngoja nianze na za kazini, maana huko ndiko yote yalikoanzia. Unakumbuka nilikwambia mwaka juzi kwamba halmashauri yetu inataka kuunda Tume ya Ushauri ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa. Ulicheka, ukauliza tangu lini haki ikahitaji mshauri. Nami nikacheka. Kumbe tulikuwa hatujaona kitu! Kikao cha kwanza kilibishania jina. Wapo waliotaka iitwe kamati, wakisema tume inatisha watu. Wapo waliotaka neno ushauri liondolewe, kwa sababu mshauri huambiwa ahsante sana, nenda nyumbani. Kikao cha pili kikabishania jina lilelile, kwa kuwa iligunduliwa kwamba kile cha kwanza hakikuwa na akidi. Cha tatu diwani mmoja akauliza fursa sawa maana yake nini hasa, na kila mtu akatazama chupa yake ya maji. Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Mimba iliyotungwa siku ile tulipoanza, mtoto wake alikuwa ameshaota meno.

Mwishowe tume ikapatikana. Wajumbe watano, na mimi katibu, kwa sababu kila kisicho na mwenyewe katika jengo lile huishia mezani kwangu. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, tunamwita Kengele, kwani mtu akizidisha dakika anagonga meza kwa kalamu mpaka aliyekuwa akisema asahau alichokuwa akisema. Yumo mkunga mmoja asiyecheka ovyo. Yumo fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kule bondeni, ambaye nadhani alichaguliwa ili isemwe kwamba na wa bondeni wamo. Wengine wawili huja chai inapoletwa, nao huondoka na vikombe.

Tulipewa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Vile viti havikutolewa, vilisukumwa ukutani tu, kwa hiyo mgeni akifika lazima mtu aruke kumwambia asikae hapo. Fundi alitutengenezea sanduku la malalamiko la bati, kazi safi, halafu hakutaka hata ahsante. Sanduku likawekwa kwenye varanda. Miezi miwili hatukulifungua, kwa sababu ufunguo alipewa mkuu wa utumishi autunze, na mkuu wa utumishi alikuwa na safari, na akirudi alikuwa na kikao. Watu wanailalamikia ofisi yake, ufunguo anao yeye! Mkunga aliuliza ni nani huyo mwenye akili nyingi aliyepanga hivyo. Nilifungua kumbukumbu za kikao nikakuta kwamba ni sisi sote, kwa kauli moja.

Lilipofunguliwa tulikuta maganda ya peremende, barua ya bwana mmoja anayetafuta mchumba mwenye tabia njema, malalamiko manne kuhusu choo cha soko, na karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nyingi. Haikuwa na jina. Iliuliza kwa nini mtu anayeishi bondeni hajawahi kuajiriwa na halmashauri hii, hata kufagia. Kengele aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena kimya. Fundi alikuwa akitazama dirisha. Alisema kwamba hajaiandika yeye, lakini angeweza kuiandika.

Wewe huhitaji kuelezwa bondeni ni wapi. Tumezaliwa kule, na ulikaa kule mpaka mwanao mkubwa alipokuja kukuchukua. Unajua watu wa huku mlimani wanavyosema, kwamba wa bondeni ni wezi, ni wachafu, ni watu wa kuja, ukimpa mmoja kazi ataleta ukoo. Maneno hayo nimeyasikia yakisemwa mbele yangu kwa miaka ishirini na minane, na mimi nikinywa chai yangu.

Tume ikaamua kuomba majalada yote ya maombi ya kazi ya miaka kumi na mitano. Nilidhani masjala watatupiga kalenda mpaka tuchoke. Nakuambia ukweli, niliomba watupige kalenda. Lakini kijana wa masjala ni mgeni, hajajifunza bado kusema njoo kesho. Wiki ileile akayaleta kwenye toroli, maboksi kumi na moja, vumbi juu. Tukaketi kuyapitia, Jumanne na Alhamisi, wiki tatu mfululizo. Mkunga alikuwa akipiga chafya, Kengele akitia vema kwenye orodha, na mimi nikiandika.

Ni fundi aliyeona. Yeye karatasi haisomi kwanza, anaiinamisha upande kuelekea mwanga, kama anavyotafuta mstari wa chaki kwenye bati kabla ya kukata. Akatoa barua moja akaiweka kando. Akatoa nyingine. Sote tukaacha kazi tukabaki kumtazama. Kisha akatuonyesha. Kwenye kona ya juu, mkono wa kulia, kila barua aliyoitenga ilikuwa na nukta ndogo ya penseli. Ndogo hivi kwamba ungedhani ni uchafu wa inzi. Akaomba Kengele asome anwani za waombaji. Kengele akasoma, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa za bondeni. Fundi akasema kwamba katika kazi yake, mtu akiweka alama pale, maana yake pale ndipo panapokatwa.

Tulizihesabu. Zilikuwa mia moja sitini na mbili. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeitwa kwenye usaili.

Kengele akanigeukia. Kwa heshima zote, aliniuliza kama mimi, mtumishi wa siku nyingi kuliko wote ofisini, naifahamu asili ya zile alama. Nilijibu kwamba siifahamu. Nikaongeza, maana mwongo haridhiki na uongo mmoja, kwamba huenda penseli iliteleza. Loo, Dada! Penseli iteleze mara mia moja sitini na mbili, mahali palepale! Mkunga alinitazama kama anavyomtazama mwanamke anayesema uchungu bado wakati yeye anaona kichwa cha mtoto. Hakuna aliyenibishia. Na kwa kuwa katibu ni mimi, ilibidi niandike mwenyewe kwenye kumbukumbu: Katibu alieleza kwamba hafahamu chanzo cha alama hizo. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule uliokuwa ukiusifia kwa watu.

Vikao vyetu vina kitu kinaitwa mengineyo. Huja mwisho, watu wakiwa wameshakusanya mikoba, na ndipo mambo yenyewe husemwa. Dada, nimefika kwenye mengineyo.

Zile nukta ni zangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, kazi yangu ikiwa kufungua barua za maombi, kuzigonga muhuri wa kupokelewa na kuzipanga. Bwana Utumishi wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuja akaegemea meza yangu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba za wale wa bondeni niwe naziwekea alama ndogo kwenye kona, atakuja kuziangalia baadaye. Hakuniandikia popote. Watu wale hawaandiki, huandikisha. Mwezi wa kwanza niliamini kwamba kweli anaziangalia. Mwezi wa pili nilijua. Baadaye akahamishwa, akafa, akaja mwingine ambaye wala hakuniambia kitu, na mimi nikaendelea kuweka nukta kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote. Mpaka walipoleta fomu za kwenye kompyuta, miaka mitano iliyopita, mkono wangu ulikuwa ukiweka nukta mimi nikiwaza mboga ya jioni.

Na Bwana Utumishi hakujua kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa bondeni. Kwenye fomu yangu ya kazi niliandika anwani ya shangazi yetu aliyekuwa akikaa huku juu. Unakumbuka ni nani aliyenishauri. Sisemi hivyo ili nikugawie mzigo huu, ulikuwa ukinitakia mema na ulikuwa na haki. Nasema ili ujue hofu niliyokuwa nayo. Kila barua ya bondeni iliyopita mezani kwangu ilikuwa kama mtu anayenitazama usoni akitaka kunikumbuka.

Sasa kaa vizuri, Dada yangu. Kama chai ipo karibu, kunywa kwanza.

Miaka kumi na miwili iliyopita binti yako Chiriku alitoka chuoni na cheti chake cha upimaji wa ardhi, wa pili katika darasa zima. Nafasi ya msaidizi wa mpimaji ilitangazwa hapa kwetu. Nilimwonya mapema kwamba asinitafute ofisini, watu watasema nampendelea. Naye ni mtoto msikivu, ingawa mdomo ulikuwa haufungi, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Siku alipoleta barua yake nilisikia sauti yake kwenye korido. Alikuwa akimwuliza mpokea wageni dirisha la maombi ni lipi. Nilitazama kwenye ufa wa mlango. Alikuwa amevaa viatu vyako vya kutokea, vile vyeusi vyenye kishikizo, na vilikuwa vikimpwaya, akitembea huku akivibana kwa vidole. Alipita mbele ya mlango wangu bila kugeuza hata shingo, kama nilivyomwagiza.

Mchana barua zikaletwa mezani. Yake ilikuwa katikati. Anwani aliyoandika ilikuwa ya kwako, nyumba tuliyozaliwa. Niliigonga muhuri. Halafu nikashika penseli. Nilijiambia kwamba nikiiruka hii moja, Bwana Utumishi, bado yule wa kwanza, atauliza huyu wa bondeni amepitaje, atachimba, ataona jina la ukoo, na atajua mimi ni nani. Huo ndio utetezi wangu wote, na nikiuandika hapa naona ulivyo mdogo. Nikaweka nukta.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ila moja hukulijua. Mlisubiri mwezi, miezi miwili. Ukaja kwangu, ukakaa kwenye kitanda changu, ukaniuliza kama barua ya mtoto ilifika. Nikakujibu kwamba haikufika, kwamba barua zote zinapita mikononi mwangu na hiyo sikuiona. Ningeweza kusema ilifika ila hakubahatika. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Nadhani niliogopa utaniomba nikamuulizie. Na wewe uliniamini, kwa nini usiniamini? Ukarudi nyumbani ukamwambia mtoto ni mwongo. Ukamwambia alivaa viatu vyako kwenda kuzurura. Aliapa mbele yako, ukamwambia mama yake mdogo hawezi kusema uongo. Alikuja kwangu kesho yake, Dada. Alisimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza kama kweli sikuiona. Nikamwambia sikuiona, macho yangu yakiwa kwenye sufuria. Akasema basi, mama mdogo. Hakuniuliza mara ya pili. Wiki ile ndiyo aliyoondoka nyumbani.

Tangu siku hiyo nimekusikia ukiulizwa una watoto wangapi, nawe unasema wawili, badala ya watatu. Kila mara ulipolisema mbele yangu nilitafuta kitu cha kuokota sakafuni.

Barua yake ilikuwa kwenye boksi la saba. Fundi ndiye aliyeitoa, akaitazama kwa muda mrefu kidogo kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, kisha akaiweka juu ya nyingine. Muhuri upo, tarehe ipo, nukta ipo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusikia msemo huo nikidhani ni wa kuwatahadharisha watu kama mimi, kumbe ni wa kuwatahadharisha watu na mimi.

Alhamisi hii tume inakaa tena. Jambo la kwanza huwa ni kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kengele atauliza, kama anavyouliza siku zote, kama kuna mwenye marekebisho. Katika miaka yangu yote sijaona katibu akirekebisha maandishi yake mwenyewe. Nitanyoosha mkono. Nitasema kwamba pale palipoandikwa Katibu hafahamu, paandikwe Katibu anafahamu, na nitaeleza kuanzia siku ile Bwana Utumishi alipoegemea meza yangu mpaka boksi la saba. Nimebakiza miezi mitano kustaafu. Wanaweza kunifukuza, wanaweza kunipeleka mbele ya watu wengine wakubwa zaidi. Tume yenyewe ni ya ushauri tu, huenda wakaambiwa ahsante, na majalada yakarudishwa masjala na toroli lilelile. Hilo haliko mikononi mwangu. Lakini wapo watu mia moja sitini na mbili wanaodhani hawakufaa, na wengine nyumbani kwao waliambiwa ni wavivu, ni waongo. Angalau wajue.

Shemeji yako sijamwambia. Akiamka nitamwambia, nikimaliza kuandika. Nilitaka ujue wewe kwanza, kwa sababu watu wa bondeni nao wana simu, na Alhamisi jioni ungeyasikia kwa mtu mwingine.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, nitakuja kuuomba kwa miguu yangu ukiniruhusu kuingia. Usipotaka, nitakaa nje mpaka utakapotaka. Usijilaumu kwa ulilomwambia mtoto. Ulisema ulichoambiwa na mtu uliyemlea. Ulinishika mkono ukanifundisha kuandika herufi, na hukuwa na sababu ya kudhani mkono huo utakuja kukufanyia hivi.

Ndani ya bahasha utakuta nakala ya ukurasa wa kwanza wa barua ya Chiriku. Muhuri unaonekana vizuri. Nukta ukiitafuta utaiona, iinamishe kidogo kwenye mwanga. Nyuma yake nimekuandikia anwani. Anafanya kazi hospitalini, chumba cha kufulia mashuka, mwaka wa tisa sasa. Mwaka mpya hunitumia salamu za mstari mmoja, na kila mwaka huuliza goti lako linaendeleaje. Sikuwahi kukuambia kwamba anauliza. Hilo nalo liongeze kwenye orodha.

Msalimie mwanao mkubwa, na mkewe, na wajukuu mmoja mmoja. Jikande goti kwa maji ya moto, wala usipande zile ngazi za nje mvua ikinyesha.

Nami nitamwandikia Chiriku, lakini nimeona nisitangulie. Kama utakuwa na nguvu ya kuandika barua moja tu wiki hii, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye. Mwambie umejua kwamba vile viatu alivivaa kuja ofisini kwetu, kama alivyosema.

Ni mimi,
mdogo wako